Kiswahili cha Kuombea, Kiingereza cha Kujibia: Semina ya Sayansi ya Mazoezi na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumiwa kumlaki mgeni ambaye ujio wake unatarajiwa kuiletea nyumba neema. Mtafiti naye ni mgeni. Hubisha hodi sokoni, shuleni au katika kambi ya wanariadha akiwa na mizani, utepe wa kupimia kiuno, mashine ya shinikizo la damu na rundo la hojaji. Hukaribishwa, hupewa kiti, kisha mwenyeji humkabidhi kitu ambacho hata jamaa zake hawapewi kwa urahisi: mwili wake, upimwe na uandikwe. Baada ya hapo mgeni hufunga virago akaenda zake. Je, mwenyeji hupona?

Jibu la swali hili halipatikani sokoni wala kambini. Linapatikana katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu, siku ambayo wanafunzi wa sayansi ya mazoezi ya viungo wanawasilisha matokeo ya utafiti wao. Makala haya yanashikilia kwamba semina hiyo ni uwanja wa Kiswahili sawasawa na ulivyo ukumbi wa ushairi au wa isimu, na kwamba kutokuwapo kwa wanafunzi wa Kiswahili humo kunaidhuru sayansi, kunamdhuru raia, na kunakidhuru Kiswahili chenyewe. Kiini cha tatizo kinaweza kuelezwa kwa maneno machache: Kiswahili hutumika kuomba, Kiingereza hutumika kujibu.

Yanayotendeka katika Semina

Yeyote aliyewahi kuhudhuria semina za aina hii anaujua utaratibu wake. Mwanafunzi husimama kando ya projekta, koti limepigwa pasi, karatasi zinamtetemeka mkononi. Huanza na usuli wa tatizo, akapita katika nadharia, mbinu za utafiti na uteuzi wa sampuli, hatimaye akafika kwenye majedwali na grafu. Mhadhiri mmoja humuuliza kwa nini sampuli yake ni ndogo. Mwingine humuuliza kuhusu kundi linganishi. Wa tatu hutaka kujua iwapo tofauti iliyopatikana ina uzito wa kitakwimu au ni ya bahati nasibu tu. Ni mjadala wenye nidhamu, na taaluma nyingi, ya fasihi ikiwamo, zingefaidika kwa kuuiga. Lakini wote hufanyika kwa Kiingereza, tangu salamu hadi makofi.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba utafiti wenyewe uliwahusu akina mama wanaouza mboga sokoni, ambao walitembea kwa kasi kwa majuma 12 ili ibainike iwapo shinikizo lao la damu lingeshuka. Akina mama hao hawakuombwa ridhaa kwa Kiingereza. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka wa 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linadai kwamba mtu anayefanyiwa utafiti aelezwe madhumuni, njia na hatari zake, kisha akubali kwa hiari yake. Mtu hawezi kulikubali asilolielewa. Kwa hivyo fomu ya ridhaa hutafsiriwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Hojaji vilevile. Maagizo vilevile: mama, keti kwanza utulie; mama, nyoosha mkono; mama, vuta pumzi. Kwa majuma 12 utafiti huo unaishi kwa Kiswahili. Siku unapozaa matunda, unahamia lugha nyingine na haurudi tena.

Haifai kudhani kwamba mwanafunzi huyo ni mtovu wa shukrani. Aghalabu fomu aliyowasomea akina mama ilibeba ahadi kwamba wangefahamishwa matokeo, naye aliisoma kwa moyo safi. Lakini kanuni za tasnifu hazikumtaka aitimize. Msimamizi wake hakumuuliza. Mtahini wa nje hakuitolea alama. Tasnifu ikishajaladiwa na kuwekwa maktabani, ahadi ile hubaki deni ambalo hakuna mdai wa kulidai, kwa sababu mdai mwenyewe yuko sokoni na hajui kwamba semina ilifanyika.

Linganisho moja linatosha kuonyesha jinsi mizani ilivyoinama. Katika vyuo vikuu vingi, mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili hutakiwa kuitangulizia ikisiri ya Kiingereza, ili wasiojua Kiswahili wasifungiwe nje. Ni kanuni njema. Lakini mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kuhusu moyo, mapafu na misuli ya wasemaji wa Kiswahili hatakiwi kuandika hata aya moja itakayowafungulia mlango wenye mioyo, mapafu na misuli hiyo.

Neno Nalo ni Kipimo

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la adabu tu, na kwamba sayansi yenyewe haidhuriki. Dai hilo halina mashiko. Katika sayansi ya mazoezi, neno ni chombo cha kupimia sawa na mizani, na chombo kisichosawazishwa hutoa kipimo cha uongo.

Mfano wa kwanza ni neno lenyewe ‘mazoezi’. Mwaka wa 1985 watafiti watatu wa Marekani, Caspersen, Powell na Christenson, walichapisha fasili ambazo taaluma hii inazitegemea hadi leo. Walitenga dhana mbili. Ya kwanza ni harakati za mwili, yaani mjongeo wowote unaotokana na misuli na unaotumia nishati. Ya pili ni mazoezi, ambayo ni sehemu tu ya harakati hizo: yamepangwa, hurudiwarudiwa, na hufanywa kwa lengo la kujenga au kudumisha siha. Sasa mwanafunzi aende sokoni na hojaji ambayo haikuzitenga dhana hizo. “Mama, wewe hufanya mazoezi?” Jibu atakalolipata halihitaji kuaguliwa: “Mazoezi nitayafanya saa ngapi, mwanangu?” Ataandika sufuri. Ilhali mama huyo aliamka alfajiri, akabeba gunia la sukuma wiki hadi kwenye matatu, akalishusha, akalibeba tena, na amesimama tangu asubuhi. Kwa mizani ya sayansi, harakati zake zimepindukia zile za profesa atakayeisoma tasnifu. Kwa mizani ya hojaji, yeye ni mtu asiyejishughulisha. Mama hakusema uongo. Neno ndilo lililokosewa.

Mfano wa pili ni ‘presha’. Kamusi na vitabu vya shule husema shinikizo la damu, lakini sokoni na matatuni neno ni presha. Neno hilo hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: ugonjwa unaopimwa kwa mashine, na mashaka yanayomlemea mtu kwa sababu ya karo, kodi ya nyumba au mkopo wa chama. Anayeulizwa kama ana presha anaweza kujibu ndiyo kwa sababu mwanawe amefukuzwa shule, na anayepima damu asishangae anapoambiwa na mashine kwamba mama yu mzima. Mwanafunzi wa semantiki angeutambua utata huo kwa kuusoma tu. Mwanafunzi wa sayansi ya mazoezi hakufundishwa kuutafuta, na hapana sababu ya kumlaumu.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, alibuni kipimo cha jinsi mtu anavyoihisi kazi ya mwili wake. Kipimo hicho huanzia 6 na kuishia 20. Uteuzi wa nambari hizo una hekima yake: kwa mtu mzima mwenye afya, nambari aliyoitaja ikizidishwa kwa 10 hukaribia mapigo ya moyo wake kwa dakika. Kwa hivyo 6 ni sawa na mapigo 60 ya mtu aliyetulia, na 20 ni mapigo 200 ya mtu aliyefika ukomo wa nguvu zake. Kando ya nambari hizo yameandikwa maneno. 11 ni kazi nyepesi, 13 ni kazi ngumu kiasi, 15 ni ngumu, 17 ni ngumu sana. Anayefanya mazoezi huonyeshwa jedwali, naye hutaja hali yake.

Hapa hakuna mashine. Kipimo chote kimesimama juu ya maneno. Je, ‘ngumu kiasi’ na ‘ngumu kidogo’ ni kitu kimoja? Je, mwili uhisiwe kwa ugumu, kwa uzito au kwa uchovu? Ugumu ni sifa ya kazi, uchovu ni hali ya mtu, na uzito waweza kuwa wa miguu bila kuwa wa pumzi. Mfasiri mmoja akichagua ‘ngumu’ na mwingine akachagua ‘nzito’, wamebuni vipimo viwili tofauti, na matokeo yao hayawezi kulinganishwa. Si hayo tu. Katika mila za wengi wa Wakenya, mtu mzima halalamiki mbele ya mgeni. Mama anayetweta kifua kikipanda na kushuka, akiulizwa na kijana amechoka kiasi gani, atajibu: “Si sana, mwanangu.” ‘Si sana’ ni nambari gani? Ni 9 ya mtu aliye na nafasi ya kuendelea, au ni 17 iliyovishwa nguo ya heshima? Kosa hapo si la hesabu. Likitokea, mama anaweza kusukumwa kupita kiasi ambacho moyo wake unaweza kukistahimili. Anayeijua pragmatiki ya Kiswahili, adabu yake na tafsida zake, ana la kusema katika semina hiyo ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema.

Miguu ya Kenya na Majarida ya Ng’ambo

Mfano wa akina mama wa sokoni ni wa kubuni. Ule wa wanariadha ni wa historia. Tangu Kipchoge Keino na wenzake walipoitwaa michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, wataalamu wa mataifa mengi wamejiuliza siri ya Wakenya ni nini. Katika miaka ya tisini mwanafiziolojia wa Uswidi, Bengt Saltin, pamoja na wenzake, waliwapima wakimbiaji wa Kenya na kuwalinganisha na wale wa Skandinavia. Walipima oksijeni waliyoitumia, asidi ya laktiki katika damu yao, na hata vipande vidogo vya misuli ya miguu vilivyochukuliwa ili viangaliwe maabarani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1995 katika jarida la kisayansi la Skandinavia.

Mojawapo ya mambo yaliyojitokeza katika utafiti wa wakati huo na wa baadaye ni kwamba upeo wa oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia hauwatengi sana wakimbiaji bora wa Kenya na wakimbiaji bora wa kwingineko. Tofauti ilionekana zaidi katika kiasi cha oksijeni ambacho mkimbiaji hukitumia anapokimbia kwa kasi fulani. Miguu myembamba na myepesi ilitajwa kuwa mojawapo ya sababu, kwani mguu mzito ni mzigo unaoinuliwa upya kwa kila hatua. Kiingereza kimeipa dhana hii jina linalotokana na neno lake la uchumi. Mfasiri wa haraka angeandika ‘uchumi wa kukimbia’, na msomaji wa Eldoret angeelewa kwamba zinazungumziwa pesa za zawadi. Lakini Kiswahili kina neno ‘uwekevu’, sifa ya mtu asiyefuja alicho nacho. Mkimbiaji mwekevu ni yule anayekwenda mbali kwa pumzi chache. Kocha akiambiwa hivyo haulizi swali la pili. Neno limekuwapo siku zote. Lililokosekana ni mtu wa kulipeleka lilikohitajika.

Haidhaniwi kwamba utafiti huu umekuwa wa wageni pekee. Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Munich mwaka wa 1972, alikuja kuwa profesa wa sayansi ya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vincent Onywera wa chuo hicho, akishirikiana na Boit na watafiti wengine, alichapisha mwaka wa 2004 utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji bora wa Kenya wakiwa kambini. Ilibainika kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na kwamba ugali ulichangia sehemu kubwa. Mkimbiaji aliyekuwa akihimizwa anunue poda za bei ghali angefaidika pakubwa kusikia kwamba sahani ya mamake ilikuwa imepimwa na kusifiwa na sayansi. Cha kutafakari ni kwamba habari njema kuhusu ugali iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mpishi wa ugali huo hawezi kulipata, na lau angelipata, asingelisoma.

Jambo hili si dogo kwa mwanariadha wa leo. Kenya ilipitisha Sheria ya Kukabiliana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli mwaka wa 2016. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, mwanariadha huwajibikia chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakukusudia kukitumia. Anayeandamwa na wauzaji wa vidonge vya kuongeza nguvu anahitaji maelezo yanayoeleweka kabla ya kumeza, wala si baada ya kufungiwa. Sayansi iliyofungiwa katika lugha asiyoimudu haimlindi. Humsubiri tu akosee, kisha ikaja kumshuhudia dhidi yake.

Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi ni ya ulimwengu na Kiingereza ndicho lugha yake. Hapana anayependekeza mtafiti wa Kenya aache kuchapisha kwa Kiingereza. Akifanya hivyo atajitenga na wenzake wa dunia nzima. Linalopendekezwa ni kwamba asimtenge mwenyeji wake. Mtu anaweza kutuma barua mbili.

Pingamizi la pili ni la istilahi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Wanaosema hivyo wangefaa kwanza kuitazama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1990. Lakini jibu lenye nguvu zaidi halimo kamusini, limo redioni. Wakenya walipoanza kutamba katika mbio ambazo mkimbiaji huruka vizuizi na kidimbwi, hakuna kamati iliyongojwa. Watangazaji na waandishi wa michezo walisema mbio za kuruka viunzi na maji, na hadi leo kila mtoto anajua zinazozungumziwa. Walisema pia mbio za nyika, mbio za masafa marefu, kupokezana vijiti. Istilahi hizo zilizaliwa kwa sababu kulikuwa na jambo la kusimulia na hadhira iliyotaka kulisikia. Istilahi hufuata matumizi. Anayengoja maneno yakamilike ndipo aseme, anangoja maji ya bahari yakauke ndipo avuke.

Pingamizi la tatu ni zito na linastahili heshima. Iten si Lamu. Wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa hawakulelewa kwa Kiswahili, na baadhi ya wazee wa huko huelewa Kikalenjin tu. Ni kweli, na pale ambapo lugha ya mahali ndiyo inayofika moyoni, matokeo yapelekwe kwa lugha hiyo. Hata hivyo, kambi za mazoezi huwakutanisha Wakalenjin, Wakisii, Wakikuyu na Waturkana, pamoja na wageni kutoka Uganda na kwingineko, na lugha inayowaunganisha wanapopumzika chini ya mti ni Kiswahili. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chuo kikuu cha umma kinachotumia lugha moja tu kati ya hizo mbili katika semina zake hakijavunja sheria, lakini kimeisoma nusu.

Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Ni rahisi kumalizia hapa kwa kuwalaumu wanasayansi na serikali, kama ilivyo desturi ya makala mengi ya aina hii. Haki inadai lawama igawanywe. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kiswahili wamekariri kwamba lugha yao inaweza kubeba sayansi yoyote. Wamelisema hilo katika makongamano yao, mbele ya wenzao wanaolikubali tayari, kisha wakapigiana makofi. Ni wangapi wamevuka ua na kwenda kuketi katika semina ya idara nyingine? Ukumbi wa sayansi ya mazoezi haulindwi na askari. Mlango uko wazi, na mara nyingi viti vya nyuma ni vitupu.

Fauka ya hayo, wapo wanaodhani kwamba kazi ya mtaalamu wa Kiswahili ni kuunda neno gumu kuliko la mwenzake. Ikisiri ya Kiswahili inayomlazimu mama wa sokoni kutafuta kamusi ina dosari ileile ya ikisiri ya Kiingereza. Imebadilisha kufuli tu. Lau wanafunzi wa Kiswahili watakwenda katika semina hizo, na waende kwanza kusikiliza: wasikilize kocha anavyomweleza kijana kupasha misuli moto, wasikilize mkimbiaji anavyoieleza siku ambayo miguu imekataa. Maneno hayo yanastahili kukusanywa kwa heshima ileile inayopewa misemo ya wavuvi wa Pate.

Mambo matatu yanawezekana bila bajeti wala kamati. Kwanza, kila mwasilishaji katika semina ya sayansi ya mazoezi aambatishe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza alichokitafuta, alichokipata na mshiriki afanye nini. Ukurasa huo uandaliwe pamoja na mwanafunzi wa Kiswahili, na majina yao wote wawili yaandikwe. Pili, dakika tano za mwisho za wasilisho zitengwe kwa Kiswahili, na katika ukumbi akaribishwe angalau mshiriki mmoja wa utafiti husika, naye apewe nafasi ya kuuliza. Tatu, wasimamizi wa uzamili katika idara za Kiswahili wakubali mada za tasnifu zinazochunguza hojaji, fomu za ridhaa na vipimo vya hisia kama kile cha Borg. Kutafsiri kipimo hicho, kukitafsiri tena kinyume ili kukihakiki, kisha kukijaribu kwa watu halisi, ni kazi ya kitaaluma isiyopungukiwa na uhakiki wa riwaya.

Kwamba hili linawezekana halihitaji ushahidi wa mbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za harakati za kadiri kila juma, na mtoto apate wastani wa dakika 60 za harakati za kadiri hadi kali kila siku. Atajuaje kwamba ni za kadiri? Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kisichohitaji mashine: ukitembea na bado unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika. Sentensi hiyo moja ya Kiswahili inaweza kusemwa sokoni, kanisani, msikitini na katika mkutano wa wazazi. Inamfaa mwenye kisukari na mwenye presha. Inamfaa pia mwalimu, kwa kuwa mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, na wanafunzi wa njia hiyo watahitaji lugha ya kuifikiria miili yao, si ya kujibia mtihani tu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba semina ya sayansi ya mazoezi si nchi ya kigeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Lugha yake imo humo tayari, katika fomu, katika hojaji, katika nambari ambazo zimezaliwa na maneno. Imo kama mtumishi anayefungua lango, akapokea mizigo, kisha akabaki nje karamu inapoanza. Kuingizwa ndani hakutaipunguzia sayansi hadhi yake. Kutaifanya isikie vyema zaidi inachoambiwa.

Na yule mama wa mfano bado yuko sokoni. Alitembea majuma 12, akanyoosha mkono kila alipoagizwa, akasema “si sana” pumzi zikiwa zimemwishia. Siku moja ukurasa mmoja utamfikia, au hautamfikia. Ukimfikia, atajua kama presha yake ilishuka, na kama aendelee kutembea. Usipomfikia, mgeni atakuwa amekuja, amekula na ameondoka, na mwenyeji hajapona.